Shilingi 60,000 na gemu 20: zawadi tuiweke wapi?

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana wa Lamu, wengi wetu wa Langoni na wachache wa Shela. Tunajifundisha kuandika programu wenyewe kwa wenyewe, hakuna anayelipwa. Desemba, shule zikiwa zimefungwa, tunataka kufanya shindano la kutengeneza gemu. Tunatarajia watu kama 20. Mfanyabiashara mmoja wa hapa ametuahidi shilingi 60,000. Mimi nilipendekeza 40,000 ziende kwa mshindi wa kwanza, 15,000 kwa wa pili, 5,000 kwa wa tatu. Wenzangu wamegawanyika. Wako wanaosema bila pesa nono hatakuja mtu, na wazazi watatuuliza tunapata nini. Wako wanaosema pesa zitatugombanisha. Tufanyeje? – Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam nduyangu. Nitakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Pesa zipokeeni, na mfadhili wenu mumshukuru sana, lakini msizirundike kwa mshindi mmoja. Zitumieni ili kila aliyeanza gemu aimalize, na kila gemu iliyomalizika ichezwe na watu wasiomjua aliyeitengeneza. Zawadi ziwepo, tena ziwe za kupendeza, ila zisiwe ndizo zinazomtoa mtu nyumbani kwao.

Tuanze na hesabu yako mwenyewe. Watu 20, zawadi tatu: 17 wanarudi mikono mitupu. Na hawangoji matokeo ndipo wajue. Jumamosi adhuhuri mtu anatupa jicho meza ya pili, anamwona yule aliyesoma chuo kikuu ameshapata mhusika anayekimbia na kuruka, naye bado anapigana na kijimraba kisichotaka kusogea. Ikiwa kilichomleta ni zile 40,000, palepale hana tena sababu ya kukaa. Nimeshaalikwa kuwa jaji kwenye mashindano ya namna hii hapa pwani, na sura yake huwa ni moja: asubuhi ya kwanza viti havitoshi, siku ya pili wamebaki wale wanaojiona karibu na pesa. Walioondoka ndio hasa mliokuwa mkiwatafuta, wale wanaoanza.

Na wanaobaki, pesa huwabadilisha. Anayewania 40,000 hathubutu kujaribu wazo asilojua litaishia wapi. Huchukua gemu ya kukimbia na kuruka ambayo majaji wameshaiona kwenye simu zao, akaipaka rangi mpya, kwa kuwa hiyo haina hatari. Akigundua namna ya kuifanya sauti icheze bila kukwama, hamwonyeshi wa meza ya jirani, maana huyo sasa ni mpinzani. Wako wanaokuja na kazi waliyoimaliza mwezi uliopita, wakakaa siku mbili wakijifanya wanaandika. Na marafiki watatu walioanza pamoja bila kuandikiana mgao hukorofishana siku ya kulipwa, kikundi kikavunjika kwa pesa ambazo zisingemtosha hata mmoja wao kununua laptopu nzuri. Kwa hiyo wenzako wanaohofia ugomvi hawajakosea.

Hapo ndipo kanuni huanza kunenepa. Angalia Ludum Dare, shindano la kutengeneza gemu kwenye intaneti lililoanzishwa na Geoff Howland mwaka 2002. Mada inatangazwa na saa zinaanza kuhesabiwa. Anayeshiriki peke yake ana saa 48 za kutengeneza kila kitu kwa mkono wake, msimbo (yaani maandishi ya programu), picha na sauti, kisha anauweka msimbo wake wazi kila mtu auone. Wanaotaka kufanya kwa kikundi hupewa saa 72 na masharti mepesi zaidi. Zawadi hakuna, si ya pesa wala ya kitu. Unachoondoka nacho ni gemu yako. Na bado maelfu ya watu wameshiriki. Hakuna anayepekua kompyuta ya mwenzake kuona kama alianza juzi, kwa sababu anayedanganya hapo hana cha kuvuna. Lakini nyinyi siku mtakapotangaza 40,000 mtahitaji mkaguzi, kamati ya malalamiko, na kanuni ya kutenganisha mwanafunzi na fundi anayelipwa. Hamkuanzisha kikundi ili muwe mahakimu.

Wenzetu wa Global Game Jam, iliyoanza Januari 2009, walikwenda mbali zaidi, wakaamua kwamba hiyo yao si mashindano hata kidogo. Watu hukusanyika kwenye kumbi za miji mingi duniani, wanapewa mada moja, wanatengeneza kwa siku chache, wanapakia gemu zao, basi. Hakuna bingwa wa dunia. Mwaka 2013 ilizaliwa humo gemu ya upasuaji ambayo mikono ya daktari haitii amri, Surgeon Simulator, ikaja kuboreshwa na kuuzwa.

Wanasaikolojia nao wamelichimba jambo hili kwa muda mrefu, na kazi mbili zao zinawahusu moja kwa moja. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha uchunguzi walioufanya katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza waliambiwa wakichora watapewa cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe. Kundi la pili hawakuahidiwa kitu, ila walipomaliza wakapewa cheti hichohicho bila kutarajia. Kundi la tatu hawakuahidiwa wala hawakupewa. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikarudishwa darasani, watoto wakaachwa wajichagulie mchezo. Wale walioahidiwa walichora kwa muda wa kama nusu tu ya wenzao. Makundi mengine mawili hamu yao ilikuwa palepale. Cheti kilikuwa kimoja, na kilichowatenganisha ni ahadi.

Uchunguzi wa pili ni wa Teresa Amabile, wa mwaka 1982. Aliwaalika wasichana wa miaka 7 hadi 11 kwenye sherehe mbili, wabandike vipande vya karatasi za rangi watengeneze picha. Katika sherehe ya kwanza walishindania zawadi. Katika ya pili, zawadi zilitolewa kwa kura ya bahati. Wasanii walipozipima zile picha, za wale wa kura ya bahati zilikuwa na ubunifu zaidi kuliko za walioshindana. Nataka hili mlikumbuke, nitalirudia nikifika kwenye zawadi zenu.

Si wataalamu wote wanaokubali. Robert Eisenberger na Judy Cameron waliandika mwaka 1996 kwamba madhara ya zawadi yametiwa chumvi. Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan wakajibu mwaka 1999 kwa kukusanya chunguzi 128 pamoja, na walichokuta ni kwamba zawadi ya kushikika, mtu akiitarajia, hupunguza hamu ya kazi aliyokuwa akiipenda. Maneno yanayomweleza mtu amefanya vizuri wapi huiongeza. Na kwa kazi isiyompendeza mtu tangu mwanzo, zawadi haiharibu kitu, kwa kuwa hapakuwa na hamu ya kuharibika. Nimezisoma pande zote mbili, na kwa mashindano ya ridhaa kama yenu nasimama na Deci na wenzake, kwa sababu wanayoyasema ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu.

Hapo kuna faida ambayo watu wengi huipita. Shindano lolote lina kazi zinazochosha: kubeba meza na nyaya, kujaza gemu zote kwenye flashi na kuhakikisha kila moja inafunguka, kuandika maelezo ya vitufe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtu ambaye hajawahi kushika gemu, kuzunguka na daftari kuandika hitilafu. Hizo ndizo za kulipia. Mpeni kijana shilingi zake kwa siku nzima ya kujaribu gemu za wenzake, na hamtamharibia mapenzi yoyote. Kule kutengeneza kwenyewe kuacheni bila bei.

Sasa, ikiwa si pesa, nini kitamfanya mtu akeshe? Kuna binti mmoja hapa Malindi, mamake ni mtu wa Lamu, alitengeneza gemu ya punda anayebeba mawe kupita vichochoro vya mji wenu. Siku ya maonyesho tuliweka kompyuta juu ya meza ya plastiki, tukamwita mvulana wa jirani aje acheze, na yule binti tukamwomba asimame nyuma yake asiseme neno. Mvulana akamwendesha punda vizuri mpaka kichochoro cha pili, akagonga ukuta. Akarudi nyuma, akagonga tena palepale. Akilini mwa binti pale palikuwa na mlango, lakini kwenye skrini palikuwa na giza tu. Mkono wa binti ukanyooka kuelekea kibodi, akaurudisha, akauficha nyuma ya mgongo. Mvulana akagonga tena na tena, mwisho akaguna, akainuka, akaenda zake.

Hakungoja ushauri wetu. Alikaa chini, akachora fanusi yenye mwanga wa manjano juu ya ule mlango, akatoka nje kumtafuta mvulana. Safari hii punda akapita. Mvulana akapiga ukelele, akataka kichochoro kinachofuata, nacho kilikuwa hakijatengenezwa. Binti alikitengeneza usiku ule, na shindano lilikuwa limeshakwisha tangu mchana.

Shindano lenu lipangeni ili kila mmoja wa wale 20 aipate nafasi kama ile. Mashindano ya ridhaa yaliyodumu yamefanya hivyo kwa njia zao. Ludum Dare washiriki ndio wanaopimana, na mtu anavyozidi kucheza na kupima gemu za wengine ndivyo gemu yake nayo inavyosogezwa mbele ionekane. Ukijifungia na yako tu, nayo haitachezwa. Alama zinatolewa kwa vipengele kadhaa, kama uchangamfu, ubunifu, picha, sauti, na namna gemu ilivyoshika mada, ili mwenye mchoro dhaifu na wazo kali aweze kung'ara mahali fulani. Wale wa IFComp, shindano la hadithi za kuchezwa kwa maandishi lililopo tangu mwaka 1995, huruhusu mtu yeyote kuwa jaji, ila lazima apime angalau gemu tano, na kila moja aipime kwa alichokicheza ndani ya saa mbili za mwanzo. Sharti la gemu tano lina maana kubwa. Anayekuja kumpigia kura binamu yake peke yake, kura yake haihesabiwi.

Hili kwa Lamu ni muhimu kuliko mahali pengi, nawe unajua kwa nini. Mkifungua kura kwenye WhatsApp, atakayeshinda ni mwenye ukoo mkubwa, na Langoni na Mkomani watapata sababu mpya ya kutaniana mpaka utani uwe uchungu. Kura zipigwe ana kwa ana. Kila mtu apewe karatasi moja yenye nafasi tano, na asiyejaza zote tano karatasi yake iwekwe kando.

Nami nawasihi juu ya sifa pia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. "Gemu yako kali sana" haimsaidii mtu, na akiisikia kwa kila mmoja ataacha kuisadiki. Kila anayecheza aandike mambo mawili: alipofurahi na alipokwama. Karatasi hizo mzikusanye, mzifunge kwa uzi, kila mtengenezaji apewe furushi lake aende nalo nyumbani. Hiyo ndiyo zawadi kuu ya shindano lenu, na haigharimu zaidi ya karatasi na kalamu.

Nikirudi kwenye zawadi za kushikika. Hapo kwenu mnajua mashindano kuliko mimi. Mashua za Shela, Matondoni na Kipungani zikishindana, baraza zinazungumzia nahodha aliyegeuza tanga kwa wakati wake na mashua iliyoshika upepo, na miaka inapita bado inatajwa. Kiasi cha pesa alichopewa nahodha hakuna anayekikumbuka. Zawadi zenu ziwe na sifa hiyo ya kusimulika. Waendeeni watu wa mji, kila mmoja achangie kitu cha mkono wake: kofia ya vito kwa aliye na mshonaji nyumbani, sinia ya halua, kipande cha mbao kilichochongwa na fundi wa milango, safari ya mashua ya watu wanne kwenda kuona magofu ya Takwa kule Manda. Zipangeni mezani. IFComp wana utaratibu mzuri ambao ningependa muufuate: zawadi zimechangwa na wapenzi wa fani, aliyeshika nafasi ya kwanza anachagua kwanza, wa pili anafuata, na hivyo hivyo mpaka zinakwisha. Anayechagua halua akaiacha safari ya Takwa, ni hiari yake, na watu watacheka pamoja naye. IFComp pia wana zawadi ya gemu iliyowagawanya majaji zaidi, wengine wakiipenda mno na wengine wakiikataa kabisa, nao huiita Ndizi ya Dhahabu ya Mfarakano. Nanyi tengenezeni yenu. Itamlinda yule aliyethubutu.

Au zitolewe zote kwa kura ya bahati miongoni mwa waliomaliza, kama wale wasichana wa Amabile. Mimi ningependelea hii kwa mwaka wa kwanza. Hakuna aliyelipa kiingilio, kwa hiyo hakuna anayepoteza chake, lakini najua mji wenu. Mwelezeni imamu mapema jinsi mtakavyofanya, asije akasikia nusu ya habari kwa watu. Na zawadi hizi msizitangaze kwenye bango. Watu wazikute mezani siku ya mwisho.

Sharti la kuingia kwenye kura hiyo ya bahati liwe moja tu: umemaliza. Gemu inaanza, inachezeka, ina mwisho. Tangu mwaka 2005 kuna changamoto ya kutengeneza gemu ya aina ya roguelike, ile ambayo njia hubadilika kila ukicheza na ukifa unaanza upya, kwa siku saba, na humo kufaulu maana yake ni kwamba ulianza, ukamaliza ndani ya siku zako saba, na unacho cha kuonyesha. Kwa anayeanza, kumaliza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na gemu nyingi duniani hufia katikati.

Ukitaka kuwavuta wale hodari, usiwaongezee pesa, waongezee ugumu. Shindano la js13kGames la Andrzej Mazur, lililoanza mwaka 2012, hufunguliwa Agosti 13 na kufungwa Septemba 13, na gemu nzima, ikishabanwa, haitakiwi kuzidi kilobaiti 13. Picha moja ya simu yako ina uzito mara mia ya hapo. Mafundi wa nchi nyingi hulikimbilia kwa sababu ya lile sharti. Nyinyi mnaweza kusema gemu lazima ifunguke kwenye simu ya bei nafuu na iweze kutumwa kwa bando la kawaida. Mtakuwa mmewatega mafundi, na papo hapo mmehakikisha kwamba mji mzima unaweza kuicheza.

Wazazi. Wana haki ya kuuliza, na jibu "ni kwa kujifurahisha" halitawatosha, wala lisiwatoshe. Waambieni mtoto wao atatoka na kitu alichokitengeneza mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kiko kwenye simu, anaweza kumwonyesha mwajiri au mwalimu wa chuo. Mpeni kila aliyemaliza cheti chenye jina la gemu yake, si jina lake tu. Kisha waiteni wazazi usiku wa maonyesho. Mama akimwona mzee asiyemjua ameinama juu ya gemu ya mwanawe, swali lile halirudi.

Kwa ajili ya wazazi haohao, msiige kukesha saa 48. Mabinti hawataruhusiwa, na mtakuwa mmeufunga mlango kwa nusu ya mji kabla hamjaanza. Fanyeni Jumamosi na Jumapili za wiki mbili mfululizo, asubuhi mpaka alasiri, madrasa isiguswe. Zile siku za katikati ni za kufikiri, na mara nyingi ndizo zinazoleta wazo zuri. PyWeek, shindano la gemu zinazoandikwa kwa lugha ya programu ya Python, huwapa watu wiki nzima, na hakuna anayesema hilo si shindano.

Kuna mahali pesa taslimu ni haki kabisa. Kijana anayeshinda gatini akipakua mizigo akija kwenu siku nne, siku hizo nyumbani kwao hakuingii kitu. Kumfidia si kumnunulia mapenzi, ni kumwondolea kizuizi. Vivyo hivyo nauli ya boti kwa wanaotoka Shela. Malipo haya yapeni kimya kimya, mwanzoni, bila kuyafunga na matokeo.

Kwa hiyo zile 60,000 mimi ningezigawa hivi: 20,000 chai, mahamri na chakula cha mchana, mkipikiwa na kina mama wa mtaani, 10,000 bando na mafuta ya jenereta, maana stima ikikatika Jumapili ya mwisho mtalia, 10,000 nauli na fidia kwa wenye shida, 10,000 za zile kazi zinazochosha, 5,000 vyeti na karatasi za maoni. Zinabaki 5,000, na hizo zifungeni, nitakwambia za nini. Laptopu kama hazitoshi, watu wawili wawili kwa mashine moja, mmoja aandike na mwingine achore. Injini ya Godot, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure na huendeshwa hata na kompyuta isiyo na nguvu nyingi. Ipakueni mara moja, mgawane kwa flashi, bando lisiishie hapo.

Mfadhili wenu huenda akasikitika, kwa sababu alitarajia picha ya kumkabidhi mshindi hundi. Nendeni kwake kabla ya kutangaza lolote, mumpe picha nyingine. Ombeni ruhusa mtoe meza nje uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, baada ya swala ya isha. Meza 10, gemu mbili kila meza, skrini zikiwaka, watoto wamepanga foleni, wazee wameacha bao kuja kuona. Jina lake liandikwe juu ya kila meza. Akisisitiza kwamba lazima pesa yake inunue kitu cha kudumu, basi asaidie kupata laptopu iliyotumika iwe mali ya kikundi, iazimwe kwa zamu, na wa kwanza kuiazima awe yule mwenye gemu anayotaka kuiendeleza.

Na zile 5,000 ni za siku ya pili ya maonyesho, wiki sita baadaye. Mashindano mengi hukosea hapa: watu wanapiga makofi, wanaagana, gemu zinakufa. Arvi Teikari wa Finland alishinda Nordic Game Jam ya mwaka 2017 kwa gemu ya vitendawili inayoitwa Baba Is You, lakini iliyonunuliwa na watu duniani ilitoka mwaka 2019, baada ya kuifanyia kazi muda wote huo. Celeste nayo ilianza kama kigemu kilichotengenezwa kwa siku nne, ikaja kutoka kamili mwaka 2018. Wenu hawahitaji miaka miwili. Wanahitaji tarehe, meza ileile, na watu walewale walioandika "nilikwama hapa" warudi waone kama pamefunguka. Tarehe hiyo itangazeni siku ya kwanza kabisa, kabla ya kutaja mada, na chai ya siku hiyo iwe imeshalipiwa.